Shajara ya mradi: nyaya za boila nyumbani kwa Shangazi, Leicester

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Malalamiko ya Shangazi ni mawili. La kwanza, akiwasha maji ya kuogea peke yake, radieta nazo zinapata moto, hata Julai. La pili, kuna asubuhi nyumba nzima ni baridi, taima inaonyesha joto limewashwa, themostati ya ukumbini (swichi inayofuata joto la chumba) ameipandisha mpaka nyuzi 25, na boila kimya.

"Lakini nikishaoga tu, baba, inawaka yenyewe. Utadhani ilikuwa inaningoja nioge."

Fundi aliyekuja kabla yangu alisikia hilo la pili tu, akasema boila imechoka, inunuliwe mpya. Mimi hiyo habari ya kuoga ndiyo iliyonipa jibu kabla hata sijafungua begi la vifaa.

Kwa wasomaji walioko nyumbani ambako kitu hiki hakipo: boila ya Uingereza ni mtambo wa gesi unaochemsha maji yanayozunguka ndani ya mabomba. Maji hayo hayanywewi wala hayaogewi. Yanapita kwenye radieta kupasha vyumba, au yanapita kwenye koili ndani ya tangi la shaba kupasha maji ya kuogea. Siku hizi nyumba nyingi zina boila za kombi, zinazopasha maji ya bomba papo hapo bila tangi. Ya Shangazi ni mtindo wa zamani: boila jikoni, tangi ghorofani ndani ya kabati la ukutani, pampu chini ya tangi, na pembeni ya pampu valvu ya umeme yenye midomo mitatu. Valvu hiyo ndiyo inayoamua maji yaende wapi. Mpangilio huu mafundi wanauita Y-plan.

Sasa, valvu hii isipopata umeme inalala upande wa tangi. Taima na themostati ya ukumbini zikidai joto, umeme unaingia kwenye waya wake mweupe na mota inaisogeza katikati, maji yanakwenda pande zote mbili. Kama tangi limeshapata moto wa kutosha, themostati ya tangi inatuma umeme kwenye waya wa kijivu, na valvu inasogea mpaka mwisho wa upande wa radieta. Ikifika huko ndipo swichi ndogo iliyo ndani yake inapobonyea na kupitisha umeme kwenye waya wa rangi ya chungwa, na boila inawaka.

Ya Shangazi imekwama katikati. Akitaka maji peke yake, maji yanavuja mpaka kwenye radieta. Akitaka joto peke yake huku tangi limejaa maji ya moto, valvu haifiki mwisho, swichi haibonyei, chungwa halipati umeme. Akishaoga, tangi linapoa, themostati ya tangi inadai moto, na hiyo inakwenda kwa boila moja kwa moja bila kupitia valvu. Boila inawaka, na kwa kuwa valvu iko katikati, radieta nazo zinapata chake. Boila ni nzima kabisa. Haikuambiwa iwake.

Nimempigia fundi bomba. Tumekubaliana kwamba badala ya kuweka valvu nyingine ya midomo mitatu, tuweke mbili za midomo miwili, moja ya radieta na moja ya tangi. Huo ni S-plan. Mabomba kwenye kabati yana nafasi, na mimi naupenda kwa sababu kila waya una maana moja tu. Y-plan ni akili sana, ila inamtesa fundi atakayekuja baada yako.

Jumapili, 5 Oktoba

Siku ya kuchora. Sijagusa bisibisi mpaka nimejua kila waya unatoka wapi.

Umeme wa mfumo wote unatoka kwenye swichi moja yenye fyuzi, ukutani ndani ya kabati. Fyuzi niliyoikuta ilikuwa ya ampea 13. Inatakiwa 3, nyaya za valvu na themostati ni nyembamba, na hiyo 13 ingeziacha ziungue kabla haijakatika. Nimeibadilisha leo leo. Pembeni yake kuna swichi nyingine inayofanana nayo, ila hiyo ni ya hita ya umeme ya tangi, kilowati 3, na inatoka kwenye breka yake peke yake huko kwenye meni swichi. Mtu anaweza kuzima moja akadhani kabati lote limekufa. Nimezima zote mbili, nikajaribu kipimo changu kwenye soketi ninayojua ina umeme, nikapima kisanduku cha maungio, kisha nikarudi kukipima kipimo kwenye soketi ileile. Kipimo kilichokufa kinasema "hakuna umeme" kwa sauti ileile ya kipimo kizima.

Ndani ya kisanduku kuna tamino kumi, yaani vibanio vya nyaya, na nusu yake zimebanwa nyaya tatu tatu. Rangi ndizo zilizonichukulia mchana. Uingereza ilibadilisha rangi za nyaya za majengo mwaka 2004. Kabla ya hapo waya wa nyaya tatu ulikuja na nyekundu, njano na buluu. Kwenye nyumba hii waya wa themostati ya ukumbini ni wa zamani: nyekundu inapeleka umeme kutoka taima, buluu inaurudisha kuelekea valvu, na njano ni nyutro, waya wa kurudisha umeme. Kwa hiyo buluu ya ukumbini ni laivu, yaani waya unaoleta umeme, na buluu ya waya wa pampu hapohapo, sentimita mbili pembeni, ni nyutro. Aliyefunga hakuweka hata tepu ya alama. Nimevisha mkono wa plastiki wa kahawia, rangi ya sasa ya laivu, kwenye ile buluu, na wa buluu, rangi ya sasa ya nyutro, kwenye njano, pande zote mbili, kabla ya kuendelea na kitu kingine chochote.

Taima ya jikoni inakaa juu ya bamba la ukutani ambalo kwa Uingereza ni karibu sare kwa kampuni zote: N, L, kisha 1 mpaka 4. Tamino 1 ni maji yamezimwa, 2 ni joto limezimwa, 3 ni maji yamewashwa, 4 ni joto limewashwa. Watu wengi wanashangaa kwamba kuna tamino inayotoa umeme pale kitu kinapozimwa, lakini Y-plan inaihitaji hiyo 1: ndiyo inayolisha ule waya wa kijivu wakati maji hayajaombwa. Faida ya bamba kuwa sare ni kwamba naweza kung'oa taima ya zamani na kubandika mpya bila kugusa waya ukutani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Fundi bomba amemwaga maji, amekata, amefunga valvu mbili za milimita 22, amejaza upya na dawa ya kuzuia kutu. Ameongeza pia valvu ya njia ya pembeni inayojifungua yenyewe, nami nilisimama kuhakikisha anaiweka.

Sababu yake ni hii. Boila hii, baada ya moto kuzima, inaendelea kuzungusha pampu kwa dakika chache ili joto lililobaki kwenye chuma cha ndani lisichemshe maji yaliyosimama. Kwa hiyo pampu inalishwa na boila yenyewe, na boila inahitaji laivu ya kudumu, isiyozimwa na taima, mbali na ile ya kuamrishwa, inayokuja pale tu joto au maji yanapoombwa. Kwenye Y-plan daima kuna mlango mmoja ulio wazi. Kwenye S-plan, themostati zote zikiridhika, valvu zote mbili zinafunga na pampu inasukuma ukuta. Njia ya pembeni inafunguka kwa msukumo huo na maji yanapata pa kuzunguka. Nimeshakuta nyumba zilizohamishwa kutoka Y kwenda S bila kitu hiki, na mwenye nyumba analalamika boila inagonga kila inapozima.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku ya kuunganisha.

Kila valvu inakuja na waya wake wenye nyaya tano. Kahawia ni umeme wa mota. Buluu ni nyutro. Kijani-njano ni ardhi. Kijivu na chungwa hazihusiani kabisa na mota: ni ncha mbili za swichi ndogo ndani ya kichwa cha valvu. Mota inaposukuma valvu mpaka ikafunguka yote, swichi inaunganisha kijivu na chungwa. Umeme ukikatika kwenye kahawia, springi inairudisha valvu na swichi inaachia. Mota yenyewe ni ndogo, wati 6 hivi, na wakati wote valvu ikiwa wazi inabaki imesimama ikiwa na umeme, ikipigana na springi. Ndiyo maana kichwa cha valvu kinakuwa na uvuguvugu, na ndiyo maana mota hizi huchoka.

Nilivyofunga: tamino 4 ya taima inakwenda themostati ya ukumbini, inarudi kwenye kahawia ya valvu ya radieta. Tamino 3 inakwenda themostati ya tangi, inarudi kwenye kahawia ya valvu ya tangi. Kijivu za valvu zote mbili zimekaa kwenye laivu ya kudumu. Chungwa zote mbili zimekutana kwenye tamino ya mwisho ya kisanduku, na kutoka hapo waya mmoja unashuka jikoni kwa boila. Boila inapokea vitu vinne: laivu ya kudumu, nyutro, ardhi, na huo wa amri. Upande wa pili inatoa umeme wa pampu.

Uzuri wake ni kwamba boila haiwezi kuwaka mpaka valvu mojawapo iwe imefunguka kweli. Taima haiiamrishi boila, wala themostati haiiamrishi. Zinaamrisha valvu, na valvu ikishafungua njia ndiyo inayosema "washa". Ni kama kondakta na dereva: abiria atagonga atakavyo, gari haliondoki mpaka kondakta aseme twende.

Hatari ya mpango huu nayo iko kwenye kijivu. Taima ikiwa imezimwa, themostati zote zimezimwa, nyumba kimya, waya wa kijivu ndani ya kila valvu una volti 230. Anayebadilisha kichwa cha valvu kwa kuzima taima tu atakutana nao.

Jambo jingine la kuangalia kwenye kuhama: ule waya wa tamino 1 ya taima. Kwenye S-plan hauna kazi, lakini ukibaki umeunganishwa kwenye taima utakuwa na umeme kila maji yanapozimwa. Nimeutoa jikoni kabisa, na upande wa juu nimeufungia kwenye tamino yake peke yake yenye alama. Themostati ya tangi nayo ilikuwa na nyaya za kwenda na za kurudi pande zote mbili, inapodai na inaporidhika. Sasa inatumia upande wa kudai tu. Nimeisogeza ikakaa theluthi moja kutoka chini ya tangi na kuikaza vizuri kwenye shaba, maana ilikuwa imelegea inapima hewa ya kabati. Imewekwa 60. Chini ya hapo bakteria wa legionela wanapata pa kuishi, na juu zaidi ni kuunguza watu bure.

Majaribio. Kabla ya kurudisha umeme nilipima na multimita kwamba kijivu na chungwa haziko pamoja kwa valvu yoyote. Halafu nikawasha, joto na maji vyote vimezimwa. Boila kimya, kama ilivyotakiwa. Maji peke yake: valvu ya tangi ikafunguka kwa mlio wake mdogo wa saa, sekunde chache, tiki ya swichi, na boila ikaanza. Nilishika bomba la radieta: baridi, na likabaki baridi. Shangazi akaja naye akalishika. "Haa! Kumbe lilikuwa ni hili tu?" Joto peke yake: ikafanya. Yote mawili, kisha kuondoa moja moja: boila iliendelea mpaka la mwisho lilipozima, ikakata moto, pampu ikaendelea kidogo, ikanyamaza.

Kwa wanaojifunza: kile kijiti cha pembeni cha kufungua valvu kwa mkono hakibonyezi swichi. Kipo kwa ajili ya kujaza na kumwaga maji. Ukikisukuma na boila isiwake, hujathibitisha chochote kuhusu boila.

Na jioni multimita ilitaka kunipotezea muda. Themostati ya ukumbini imezimwa, na waya wake wa kurudi unaonyesha volti 70 na kitu. Huo si umeme wa kweli. Waya umelala sambamba na waya wenye laivu kwa mita nyingi ndani ya ukuta, unapokea kidogo kwa hewa, na multimita ya kidijitali haichukui mkondo wa kutosha kuuporomosha. Kipimo cha nguzo mbili, kinachochukua mkondo kidogo, kilionyesha sifuri palepale. Kuna watu wameng'oa themostati nzima kwa ajili ya volti hizo za kizuka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Fundi wa gesi amekuja kwa ukaguzi wa mwaka. Mimi ni fundi umeme. Kufungua chumba cha moto cha boila si kazi yangu, na kwa sheria ya hapa ni ya aliyesajiliwa Gas Safe, daftari la mafundi gesi lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Nilisimama pembeni nikaangalia, kwa sababu kuanzia pale waya wangu wa amri unapoingia, boila ina mlolongo wake yenyewe na inafaa fundi umeme aujue.

Amri inafika kwenye bodi ya elektroniki. Bodi inaanzisha pampu, kisha feni, na inasubiri uthibitisho kwamba hewa inapita kweli. Bila hewa hakuna gesi. Halafu cheche zinaanza, valvu ya gesi inafunguka, na bodi ina sekunde chache za kuuona moto. Inauona kwa njia inayonifurahisha kila mara: kijiti cha chuma kimekaa ndani ya moto, bodi inakipa umeme wa kubadilika, na moto, kwa kuwa una chembe zenye chaji, unaupitisha zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Bodi inapata mkondo mdogo sana wa upande mmoja, wa maikroampea. Mkondo upo, moto upo. Ukikosekana, gesi inafungwa, inajaribu tena, na ikishindwa inajifunga mpaka mtu abonyeze kitufe. Mkondo huo unarudi kupitia mwili wa boila na ardhi, kwa hiyo waya wa ardhi uliolegea, na kwa baadhi ya boila laivu na nyutro zilizobadilishana, vinaweza kuifanya boila iseme hakuna moto huku unauona unawaka. Nilipima upya ardhi ya boila mbele yake. Iko sawa.

Tukaja kwenye joto la maji. Boila ilikuwa imewekwa 80. Boila mpya za gesi zinazofungwa hapa England kwa kawaida zimetakiwa kuwa za kukamua mvuke tangu 2005, yaani zinakusanya joto lililomo kwenye moshi kwa kuugeuza mvuke wake kuwa maji. Hilo linafanyika pale maji yanayorudi kutoka kwenye radieta yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukituma 80, yanarudi ya moto kupita hapo, na unamlipia muuzaji gesi mvuke unaotoka dirishani. Kwa radieta peke yake ningeshusha mpaka 55 au 60 siku zisizo za baridi kali. Lakini tangi linataka kufika 60, na maji ya 55 hayawezi kulifikisha huko.

Hapa ndipo ukomo wa ule waya wa chungwa unapoonekana. Unasema mambo mawili tu, washa au zima. Hauwezi kusema nani ameomba. Boila ingejua kwamba anayeita ni tangi ingetuma 70, ingejua ni radieta ingetuma 55. Ziko boila mpya zenye tamino tofauti kwa maji na kwa joto, na ziko zinazozungumza na themostati kwa OpenTherm, nyaya mbili za volti ndogo zilizoanzia miaka ya 1990, ambazo themostati inapitishia namba yenyewe ya joto inayotaka. Bodi ya Shangazi haina hata kimojawapo. Tumeweka 65 kwa sasa. Tangi litachelewa kidogo, kwa hiyo taima ya maji nimeirudisha nyuma ianze mapema.

Binamu yangu, mtoto wa Shangazi, alitaka themostati ya kuendesha kwa simu. Mama yake akamkata: "Mimi nataka kitu cha kuzungusha. Simu yenyewe siioni bila miwani." Nimefunga ya kidijitali yenye kirungu cha kuzungusha, ya betri, ambayo kwa boila ni swichi tu ya nyaya mbili, haihitaji nyutro, kwa hiyo ile njano ya zamani imefungiwa pembeni. Ndani yake ina ujanja mmoja mzuri. Badala ya kuacha boila iwake mpaka chumba kifike 20 kisha ikate, inagawa saa vipande sita, na chumba kinapokaribia kiwango inapunguza muda wa kuwaka ndani ya kila kipande. Ile ya zamani ilikuwa na vipande viwili vya chuma vinavyopinda, na ilipitiliza kila mara.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudi nyuma usiku. Taima mpya imejirekebisha yenyewe.

Wiki nzima hakuna malalamiko, isipokuwa kwamba chumba cha mbele cha juu kinachelewa kupata moto. Hiyo si umeme. Zamani kilikuwa kinaiba maji ya moto yaliyokuwa yanakwenda kwenye tangi, sasa kinapata haki yake tu, na radieta zinahitaji kusawazishwa upya: zilizo karibu na pampu zibanwe kidogo ili za mbali zipate. Fundi bomba atakuja Jumanne.

Mchoro nimeuchora safi, nikaandika kila tamino inabeba nini, nikaubandika ndani ya mlango wa kabati ukiwa kwenye plastiki. Juu yake kwa kalamu nyekundu: KIJIVU INA UMEME HATA TAIMA IKIZIMWA. Nimeandika na kwa Kiingereza, maana fundi ajaye huenda asijue Kiswahili.

Kimebaki kitu kimoja cha umeme. Kuna bomba linalopita gereji isiyo na joto, na mfumo hauna themostati ya kuzuia barafu. Inafungwa gerejini, inawekwa nyuzi 5, na inafuatana na nyingine iliyoshikwa kwenye bomba la maji yanayorudi, ili boila isiwake usiku kucha kwa sababu tu hewa ya gereji ni baridi. Zote mbili zinachukua laivu ya kudumu na kuipeleka kwenye kahawia ya valvu ya radieta, zikiipita taima na themostati ya ukumbini. Shangazi anafikiria kulihamisha bomba lenyewe liingie ndani. Akiamua kabla ya Desemba, waya huo hautahitajika.